Dawa za MS ya kurudirudi: zinauzuia ugonjwa kwa kiasi gani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kike ana miaka 29, ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Mwaka jana jicho lake la kulia liliuma na kufifia kwa wiki kadhaa, kisha likarudi karibu kama zamani. Mwaka huu akafa ganzi kuanzia kiunoni hadi nyayo, akawa hawezi kupanda ngazi. Alipigwa MRI Dar es Salaam, akaambiwa ana MS ya kurudirudi. Alitundikiwa dripu za steroidi siku 5, sasa anatembea vizuri na baadhi ya watu nyumbani wanasema amepona. Daktari wake anataka aanze dawa ya kudumu: ama sindano za interferoni, ama dripu ya rituksimabu kila baada ya miezi 6. Nimesoma mpaka nimechanganyikiwa. Je, dawa hizi zinauzuia ugonjwa kweli? Si afadhali aanze na nyepesi, ile kali tuiweke akiba? Na ataweza kuzaa? Ameshachumbiwa. – Kaka mtu, Tanga

JIBU: Marahaba. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Dawa zinauzuia, na zile kali zinauzuia sana: mtu anayeanza mapema dawa ya kundi la rituksimabu ana nafasi kubwa ya kukaa miaka bila shambulio jingine. Hakuna inayoponya. Na iko sehemu ya ugonjwa huu, ile inayokwenda taratibu bila kelele, ambayo dawa tulizonazo zinaigusa kidogo kuliko tunavyotaka. Kwa mdogo wako nisingeshauri kuiweka kali akiba. Ila vipo vipimo ambavyo lazima majibu yake yawe mezani kabla ya dripu ya kwanza, na kimojawapo kinaweza kubadilisha hata jina la ugonjwa.

Wanaosema nyumbani kwamba amepona nawaelewa, maana kwa macho ndivyo inavyoonekana. Katika MS, yaani multipo sklerosisi, kinga ya mwili ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu huingia kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva za macho, ikashambulia mayelini, ile ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva. Pale iliposhambulia, ujumbe unachelewa au unakatika: jicho linafifia, mguu unakufa ganzi, mkojo hauzuiliki. Baada ya wiki kadhaa uvimbe unatulia, sehemu ya mayelini inajengwa upya, na ubongo unatafuta njia nyingine ya kupitisha ujumbe wake. Mtu anarudi kazini. Takriban wagonjwa 85 kati ya 100 wa MS huanza hivi, kwa kushambuliwa na kupata nafuu.

Steroidi alizopewa zilikuwa sahihi kabisa. Lakini kazi yake ni kuiharakisha nafuu. Hazizuii shambulio lijalo, wala hazibadilishi hali atakayokuwa nayo miaka kumi kutoka leo. Hapa ndipo familia nyingi zinapopotea. Kwa kuwa shambulio hupoa lenyewe, chochote alichotumia mgonjwa wiki ile kitabeba sifa, kiwe mzizi, asali au vidonge vya vitamini, na wenye kutoa ushuhuda hawasemi uongo: walitumia, wakapata nafuu. Tatizo ni kwamba wangeipata hata bila kutumia. Ndiyo sababu dawa ya MS haipimwi kwa ushuhuda wa mtu mmoja wala watu kumi. Wanachukuliwa mamia ya wagonjwa, wanagawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja linapewa dawa na jingine linapewa kitu kisicho na dawa au dawa ya zamani, wanafuatiliwa miaka 2 hivi, kisha mashambulio yanahesabiwa.

Dawa ya kwanza kushinda mtihani huo ilikuwa interferoni beta-1b, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1993. Wagonjwa waliochomwa sindano tupu walipata wastani wa mashambulio 1.27 kwa mwaka. Waliopata dozi kubwa ya interferoni walipata 0.84. Theluthi moja ya mashambulio iliondolewa. Kwa ugonjwa ambao hadi wakati ule haukuwa na dawa yoyote ya kuuzuia, hilo lilikuwa jambo kubwa. Glatirama, iliyokuja mwaka 1996, ina nguvu zinazokaribiana na hizo, na teriflunomaidi, kidonge cha mwaka 2012, iko daraja hilohilo. Juu yake kuna vidonge vya fingolimodi (2010) na dimethili fumarati (2013), ambavyo viliondoa karibu nusu ya mashambulio vilipopimwa dhidi ya vidonge vitupu, na kladribini iliyovipita kidogo. Kisha kuna natalizumabu, dripu ya kila wiki 4, iliyoondoa takriban theluthi mbili. Katika utafiti wake mkuu, waliozidi kuwa walemavu ndani ya miaka 2 walikuwa asilimia 17 kwa waliopata dawa na asilimia 29 kwa wasioipata.

Umeniambia umesoma mpaka umechanganyikiwa, nami nadhani ni hapa. Watu huzipanga asilimia hizi kwenye jedwali moja kana kwamba zimetoka katika mbio moja. Angalia interferoni yenyewe. Mwaka 1993 waliokuwa kwenye interferoni walipata mashambulio 0.84 kwa mwaka. Katika tafiti mbili za OPERA, zilizochapishwa mwaka 2017, kundi la interferoni lilipata 0.29 tu. Dawa haikuongezeka nguvu. Aina zinatofautiana kidogo, lakini kilichobadilika hasa ni wagonjwa. Siku hizi MRI inaugundua ugonjwa mapema, na wanaoingia kwenye tafiti wana hali nyepesi kuliko wale wa zamani. Kwa hiyo dawa mbili zinalinganishwa kwa haki pale tu zilipokutana ndani ya utafiti mmoja.

OPERA ni mkutano wa aina hiyo, na ndio unaomhusu mdogo wako. Ulizikutanisha interferoni beta-1a na okrelizumabu, ambayo ni ndugu wa rituksimabu: zote mbili hunasa alama iitwayo CD20 iliyo juu ya seli B, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, na kuzifuta seli hizo kwenye damu kwa miezi. Kundi la interferoni, kama nilivyosema, lilipata mashambulio 0.29 kwa mwaka, na la okrelizumabu 0.16. Geuza tarakimu hizo ziwe maisha ya mtu: kwa wastani shambulio moja kila miaka mitatu na nusu, dhidi ya moja kila miaka sita. Na huo ni ushindi dhidi ya dawa halali, si dhidi ya maji. Kwenye picha za MRI tofauti ilikuwa kubwa zaidi, madoa yenye uvimbe hai yalipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kuliko kwa interferoni. Mimi huyaamini sana madoa hayo, kwa sababu kwa kila shambulio ambalo mgonjwa analihisi kuna madoa kadhaa mapya yaliyozuka mahali ambapo hayakumletea dalili yoyote.

Rituksimabu yenyewe ina historia tofauti kidogo. Ni dawa ya saratani ya tezi za limfu na ya baridi yabisi, na kampuni haikuipeleka mbele kama dawa ya MS ingawa utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba inafanya kazi. Nguvu zilielekezwa kwenye okrelizumabu. Waliookoa hali ni madaktari wa Uswidi. Waliendelea kuitumia kwa maelfu ya wagonjwa wao wa MS, na baadaye wakafanya utafiti wao wa bahati nasibu bila kungoja kampuni. Wagonjwa 200, wengi wakiwa hawajawahi kutumia dawa yoyote, waligawanywa: nusu rituksimabu, nusu vidonge vya dimethili fumarati. Kumbuka hivyo vidonge si dhaifu, ni vile vilivyokata nusu ya mashambulio. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Baada ya miaka 2, walioshambuliwa tena kwenye vidonge walikuwa 16 kati ya 97. Kwenye rituksimabu walikuwa 3 kati ya 98. Dozi yao ilikuwa miligramu 1000 mwanzoni, kisha 500 kila baada ya miezi 6, ratiba inayofanana na aliyoitaja daktari wenu.

Julai 2023 Shirika la Afya Duniani likaiingiza rituksimabu kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya MS, pamoja na glatirama na kladribini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa MS kuwa na dawa kwenye orodha hiyo. Kwetu jambo hili lina uzito, maana rituksimabu hutengenezwa na viwanda vingi, vikiwemo vya India, na hospitali zinazotibu saratani zimezoea kuitundika. Okrelizumabu ni nzuri, lakini bei yake haiwezekani kwa mshahara wa mwalimu.

Sasa hilo la kuanza na nyepesi na kuiweka kali akiba. Mimi naliita jambo la busara lililopitwa na wakati. Zamani lilikuwa na mantiki: dawa kali zilikuwa chache, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Natalizumabu iliondolewa sokoni Februari 2005, miezi michache tu baada ya kuidhinishwa, kwa sababu baadhi ya wagonjwa walipata PML, maambukizi ya ubongo yanayoletwa na kirusi cha JC na yanayoweza kuua. Ilirudi mwaka 2006 kwa masharti, na leo tunampima mtu kingamwili za kirusi hicho kabla na wakati wa kuitumia. Madaktari walioshuhudia kipindi kile wana haki ya kuwa waangalifu.

Lakini tatizo la akiba ni kwamba ugonjwa hauna akiba. Uzi wa neva uliokwisha kukatika haurudishwi na dawa yoyote iliyopo leo, iwe kali kiasi gani. Unapoanza na nyepesi, unaujua udhaifu wake siku shambulio la tatu limekwisha kutokea, na safari hii huenda lisiache nafuu kamili. Uswidi na Denmark wametupa mfano mzuri. Ni nchi jirani, zina huduma za afya zinazofanana, zote zinaandika habari za karibu kila mgonjwa wa MS kwenye daftari la taifa, ila wanatofautiana katika namna ya kuanza. Kati ya mwaka 2013 na 2016, karibu asilimia 35 ya Waswidi waliopata dawa yao ya kwanza walianza na kali, nyingi zikiwa rituksimabu. Denmark hawakufika asilimia 8. Waswidi walizidi kuwa walemavu kwa kasi ndogo kuliko Wadenmark, pungufu kwa asilimia 29. Utafiti mwingine wa madaftari, wa mwaka 2020, uliwafuata waliopewa dawa kali ndani ya miaka 2 tangu dalili ya kwanza na wale waliozipata kati ya mwaka wa 4 na wa 6. Ulemavu wa MS hupimwa kwa kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 6 ni mtu asiyeweza kutembea mita mia bila fimbo. Mwaka wa 10, waliowahi walikuwa kwenye 2.3, waliochelewa, 3.5. Wote hatimaye walipata dawa kali. Kilichowatenganisha ni miaka ile ya kungoja.

Tafiti hizo mbili hazikugawa watu kwa bahati nasibu, kwa hiyo siwezi kuzipa uzito sawa na OPERA au ule wa Uswidi wa rituksimabu. Hata hivyo zote zinaelekea upande mmoja, na mdogo wako ana mambo yanayonifanya nisitake kusubiri: mashambulio mawili ndani ya muda mfupi, na la pili limegusa uti wa mgongo, mahali ambapo kovu dogo huleta ulemavu mkubwa.

Nilisema iko sehemu ambayo dawa haziifikii vizuri. Ni lazima nikueleze, kwa sababu nisipokueleza mtakuja kudhani dawa imeshindwa. Mbali na mashambulio, MS ina uharibifu mwingine ambao ni kama moto chini ya majivu: ndani ya ubongo wenyewe, nyuma ya kizuizi ambacho dawa nyingi haziwezi kukivuka, seli za uvimbe zinaendelea kula nyuzi polepole. Mgonjwa haoni shambulio. Anaona tu kwamba safari ya sokoni inamchosha kuliko miaka mitatu iliyopita, au mguu mmoja unaanza kuburuzika jioni. Wachunguzi walipoyarudia matokeo ya OPERA waligundua kwamba sehemu kubwa ya ulemavu mpya, hata kwa waliokuwa kwenye okrelizumabu, haikufuatana na shambulio lolote. Okrelizumabu iliupunguza, haikuumaliza. Kwa hiyo ukiniuliza mashambulio yanadhibitiwa kwa kiasi gani, nakujibu bila wasiwasi: vizuri sana. Ukiniuliza ugonjwa mzima, nitasema vizuri, na vizuri zaidi kwa aliye kijana na anayeanza mapema. Faida ya dawa hizi huonekana zaidi wakati uvimbe bado ni mwingi, yaani miaka ya mwanzo; mtu wa miaka 60 anayezidiwa polepole bila mashambulio anapata kidogo sana.

Hapo pia ndipo mambo yasiyo dawa yanapoingia. Sigara huharakisha MS, hilo limethibitishwa mara nyingi, na shisha ni tumbaku vilevile. Mazoezi hayaongezi mashambulio, kinyume na wanavyoogopa wengi.

Nije kwenye kipimo kinachoweza kubadilisha jina la ugonjwa. Jicho, kisha uti wa mgongo, kwa mwanamke kijana Mwafrika: daktari yeyote wa mfumo wa fahamu akisikia hivyo, kabla ya kusema MS anatakiwa ajiulize kuhusu NMO. Huu ni ugonjwa mwingine, unafanana na MS kwa nje, lakini kinga hushambulia protini iitwayo akwaporini-4 badala ya mayelini. Kwa watu wenye asili ya Afrika NMO ina sehemu kubwa zaidi miongoni mwa magonjwa haya kuliko ilivyo kwa Wazungu. Huwa mkali kwa kila shambulio, upofu wa kudumu unaweza kuja mara moja, na doa la uti wa mgongo huwa refu, likivuka urefu wa pingili tatu au zaidi. Wengine huanza na kwikwi au kutapika kusikokoma kwa siku nyingi, wakatibiwa vidonda vya tumbo.

Kwa nini nalisisitiza hili kwenye swali la dawa? Kwa sababu interferoni, fingolimodi na natalizumabu, zinazomsaidia mgonjwa wa MS, zinaweza kumzidishia hali mgonjwa wa NMO. Rituksimabu inasaidia kotekote. Utafiti mdogo wa Japani uliochapishwa mwaka 2020 uliigawa kwa bahati nasibu kwa wagonjwa wa NMO 38: kwenye kundi la dripu tupu 7 walishambuliwa tena, kwenye rituksimabu hakushambuliwa hata mmoja. Hivyo kati ya dawa mbili alizowapa daktari kuchagua, moja ni salama hata kama utambuzi una shaka, na nyingine si salama. Muulizeni kwa heshima: je, kingamwili za akwaporini-4 zimepimwa? Damu inaweza kutumwa nje ikiwa maabara ya karibu haina kipimo hicho. Na mwombeni awaonyeshe kwenye picha doa la uti wa mgongo lina urefu gani. Hilo linajibiwa palepale.

Vipimo vingine ni vya usalama. Homa ya ini B ndiyo ya kwanza, nayo msiikubali nusunusu. Rituksimabu inaweza kukiamsha kirusi kilicholala miaka mingi, na ini likaharibika vibaya. Kipimo cha HBsAg peke yake hakitoshi, maana mtu aliyeambukizwa zamani anaweza kuonekana hana. Iombwe na anti-HBc. Ikionekana aliwahi kuambukizwa, haina maana dawa imekataliwa; anapewa vidonge vya kukizuia kirusi na kufuatiliwa. VVU vipimwe. Picha ya kifua ipigwe na kikohozi kiulizwe, maana TB kwetu ipo. Kiwango cha kingamwili za jumla kwenye damu kipimwe kabla, kisha kila mwaka, kwa sababu kwa baadhi ya wanaotumia rituksimabu kwa miaka mingi kinashuka, na maambukizi ya kifua yanaanza kujirudia. Na kwa kuwa alishapewa steroidi nyingi, apime choo kwa ajili ya mnyoo wa strongiloidesi, au apewe tu ivamektini: steroidi zinaweza kumfanya mnyoo huyo asambae mwili mzima, na pwani yetu anapatikana.

Chanjo zitangulie. Chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano na ya surua, hazitolewi mtu akiwa kwenye rituksimabu. Kama anazihitaji, achanjwe angalau wiki 4 kabla ya dripu. Nyingine, kama ya homa ya ini B au ya nimonia, zinaruhusiwa hata baadaye, lakini mwili hautazipokea vizuri. Msiifanye chanjo iwe sababu ya kuchelewa miezi.

Siku ya dripu ya kwanza aende na mtu wa kumsindikiza na chakula, maana ni kazi ya kutwa. Kabla yake atapewa paracetamol, dawa ya mzio na steroidi kidogo. Nesi ataianza polepole na kuongeza kasi kila nusu saa. Wengi kwenye dripu hii ya kwanza huhisi koo linawasha, baridi, au vipele vifuani. Aseme mara moja, asivumilie kwa adabu. Dripu husimamishwa kidogo, ikatulia, ikaendelea. Zinazofuata huwa nyepesi zaidi.

Kisha apigwe MRI nyingine miezi michache baada ya kuanza, mara nyingi mwezi wa 6, iwe picha ya kuanzia hesabu. Madoa yaliyozuka kabla dawa haijashika hayahesabiwi dhidi yake. Baada ya hapo picha ya kila mwaka ikiwa mnaweza. Doa jipya hata bila dalili ni jambo la kuzungumza na daktari, kwa sababu kwenye dawa hii tunategemea asionekane na hata moja.

Wa Tanga ana jambo jingine la kujua. Msimu wa kaskazi, joto likipanda, au akipatwa na homa, jicho linaweza kufifia tena na ganzi ikarudi kwa saa kadhaa. Uzi wa neva uliowahi kuvuliwa mayelini hupitisha ujumbe vibaya mwili ukipata moto. Hilo si shambulio jipya, wala haina maana dawa imegoma. Akae kivulini, aoge maji ya baridi, litapita. Shambulio la kweli ni dalili mpya au iliyozidi, inayodumu zaidi ya saa 24, bila homa wala maambukizi. Nimewahi kuona watu wakitundikiwa steroidi kwa sababu ya malaria au mkojo mchafu. Na homa akiwa kwenye rituksimabu isichukuliwe kuwa ni malaria tu: apimwe malaria, lakini apimwe na mengine.

Kuhusu kuacha, kwa kuwa najua swali hilo litakuja mwaka wa pili akiwa mzima: asiache. Hali nzuri aliyonayo ndiyo dawa yenyewe ikifanya kazi. Upo utafiti wa Marekani, matokeo yake yalitoka mwaka 2023, uliowaachisha dawa watu wenye miaka 55 na zaidi, waliokaa miaka 5 bila shambulio. Hata hao waliotulia namna hiyo, asilimia 12 hivi walipata shambulio au doa jipya, dhidi ya karibu 5 kwa walioendelea. Mwenye miaka 29 yuko mbali sana na kundi hilo. Katika hili pia rituksimabu inawafaa watu wa kwetu: seli B huchukua miezi kurudi, kwa hiyo dripu ikichelewa wiki kadhaa kwa ajili ya fedha au dawa kutopatikana, kwa kawaida haileti balaa. Fingolimodi na natalizumabu zikikatika ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Aina nyingi za interferoni zinataka friji, na umeme wetu unaujua.

Mwisho, uzazi. Ndiyo, aolewe na azae. MS haizuii mimba wala haimdhuru mtoto tumboni, na hata katika nchi zenye MS nyingi ni kama watoto 2 tu kati ya 100 wa mama mwenye MS ambao nao huipata. Mimba yenyewe hutuliza ugonjwa. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 1998 uliwafuata wajawazito wa MS zaidi ya 250: mashambulio yalikuwa 0.7 kwa mwaka kabla ya mimba, yakashuka hadi 0.2 kwenye miezi mitatu ya mwisho, yakapanda hadi 1.2 kwenye miezi mitatu baada ya kujifungua. Kipindi hicho cha baada ya uzazi ndicho cha kukilinda.

Kwa mipango hiyo teriflunomaidi, fingolimodi na kladribini nisingezigusa, zinaweza kumdhuru mtoto. Rituksimabu ina nafasi nzuri: dawa yenyewe huisha mwilini ndani ya miezi michache, ila kazi yake inabaki. Maelezo ya kiwandani yanataka mwanamke angoje miezi 12 baada ya dripu kabla ya kushika mimba. Wataalamu wengi wa MS huruhusu mapema zaidi, miezi michache baada ya dripu ya mwisho, na hilo aamue na daktari wake baada ya dripu mbili tatu za kwanza kuutuliza ugonjwa. Akishambuliwa akiwa mjamzito, steroidi za siku chache zinaweza kutolewa. Kiasi cha rituksimabu kinachoingia kwenye maziwa ya mama ni kidogo mno, kwa hiyo dawa na kunyonyesha vinaweza kwenda pamoja. Tarehe ya dripu ya baada ya uzazi iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki mapema, mimba ikiwa bado na miezi, ili akishajifungua pasiwe na wa kusema tungoje arobaini ipite ndipo tuulize bei.